Tondo wa Mkono wa Kushoto

Gundi huliwa na mende. Wino mweusi mzito, ule wa wachora ramani, hauliwi na kitu. Kama mtasahau yote nitakayowaambia leo, vijana wangu, shikeni hayo mawili, maana nimeyapata kwa kazi ya miaka mingi na kwa kosa moja ambalo nikilikumbuka peke yangu hucheka, kisha huona haya.

Kazi yangu ilikuwa kutunza chupa. Msicheke. Ilikuwa Likoni, miaka michache kabla ya Uhuru, katika chumba cha mabati nyuma ya duka la dawa la Mzee Esmailji. Humo ilikuwa ikikutana jumuiya ya watu tisa waliojipa kazi ya kuchunguza kila kitambaacho, kiogeleacho na kiotacho kuanzia Shika Adabu mpaka Changamwe. Walikuwamo Wazungu, Wahindi, Mwarabu mmoja mwenye shamba Kisauni, na mwalimu mmoja wa skuli. Kila Jumamosi alasiri mmoja wao alisoma karatasi yake juu ya kaa au popo, na wenzake wakamuuliza maswali. Mngewasikia mngedhani ni ndugu wanaogombea nyumba ya urithi. Mimi nilipanga viti na kuchemsha chai, na siku nyingine zote nilitunza chupa zao: samaki, nyoka, kaa, konokono, wote wamezamishwa katika spiriti wasioze.

Spiriti ina tabia ya mgeni asiyependa kukaa. Funga kizibo upendavyo, itatoroka tu. Kwa hiyo kila wiki nilipita chupa baada ya chupa nikiongeza iliyopungua. Na kila chupa ilikuwa na lebo mbili. Moja ilibandikwa nje kwa gundi, ya kupendeza macho. Ya pili iliandikwa kwa ule wino wangu kwenye karatasi ngumu, ikazamishwa ndani pamoja na mnyama mwenyewe. Jumuiya ilikuwa na sheria juu ya hiyo ya ndani: ikishaingia, haitoki. Hata ikiwa na kosa, unaongeza nyingine kando yake, lakini ile ya kwanza huiondoi.

Sheria hizo alizilinda Mzee Esmailji, katibu. Alikuwa Bohora, Mwislamu wa Kihindi, mfupi, mweupe wa ndevu, na ukoo wake ulikuwa Mombasa tangu enzi ambazo hata yeye hakuweza kuzihesabu. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu na hakuacha kunikumbusha hilo. Ndiye aliyenifundisha kazi, na alinifundisha kwa hadithi huku akipima dawa za watu kwenye mizani. Aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya muuza vitambaa wa Uholanzi, zamani sana, aliyejichongea vioo vidogo vya kukagulia nyuzi, kisha siku moja akatia tone la maji chini ya kioo akaona vijidudu vinaogelea.

"Akawaandikia jumuiya ya wajuzi kule London," Mzee Esmailji alinambia. "Mtu hana shahada, hana Kilatini, yuwauza vitambaa. Wajuzi wakafanyani?"

"Wakamcheka?"

"Baadhi walimcheka. Lakini jumuiya ilikuwa na mwiko wake: haliaminiwi neno la mtu, wala halikataliwi, mpaka lionwe. Wakataka mashahidi. Wakatazama wenyewe kwenye kioo. Vijidudu hivyo, vyaogelea! Wakamtia jina lake kwenye kitabu chao, muuza vitambaa." Akashusha mizani. "Na usidhani ni wao walioanza. Mwanachuoni wetu wa Basra alikuwa akifanya hivyo hivyo na mwanga, miaka mia sita kabla yao. Wazungu walichelewa njiani tu."

Basi ndiyo iliyokuwa dini ya kile chumba. Mtu akisema "mimi nimeona," wenzake wanajibu, "tuonyeshe."

Mwenyekiti tulimwita Bwana Miwani kwa sababu alikuwa nazo mbili, moja machoni na moja utosini, na kila mara alikuwa akiitafuta ya tatu. Alikuwa fundi mstaafu wa mitambo ya meli. Siku moja alirudi kutoka mikokoni upande wa Port Reitz, matope mpaka magotini, akiimba. Alikuwa ameokota tondo.

Tondo mnamjua, au nyanya zenu wanamjua: konokono wa matope ya mikokoni, gamba lake limejisokota likachongoka. Waungwana wa mjini husema hawamli. Ukweli ni kwamba humla baada ya kufunga mlango. Sasa jaribuni hili siku moja. Mshikeni tondo, ncha juu, mdomo wake ukutazame. Mdomo utakuwa mkono wako wa kulia. Mshike wa pili, wa mia, wa elfu, wote kulia. Huyu wa Bwana Miwani alikuwa mdogo kama ukucha wa kidole gumba, na mdomo wake ulikuwa kushoto.

Bwana Miwani hakulala. Alitangaza kwamba huyo ni wa pekee, hajapata kuonwa na jicho la binadamu. Akaandika karatasi ndefu, akamwalika mjuzi mkubwa wa konokono kutoka Nairobi aje Jumamosi ya wiki ya pili ashuhudie. Mimi nikakabidhiwa chupa.

Hapa ndipo lazima niwaeleze juu ya nyanyangu, Bi Time, ambaye nilikuwa nikiishi kwake. Bi Time alikuwa mtu wa sala na pua kali. Kila nilipotoka kazini alinisimamisha mlangoni akaninusa.

"Astaghfirullah! Wanuka ulevi, wewe."

"Ni spiriti ya kazi, nyanya. Ni ya wadudu."

"Wadudu wa wapi walewao? Enda kaoge. Na kanzu hiyo usiingie nayo."

Nilioga mpaka ngozi ikataka kunihama. Majirani wakaanza kuulizana. Nilikuwa natafuta mchumba wakati huo, na hakuna mzazi wa Likoni ambaye angempa binti yake kijana anayenuka tembo la mnazi kila alasiri. Nikamlalamikia Bi Time mwenyewe, naye, huku akikata embe za achari, akasema neno lililoniponza: "Embe langu nalitia siki mwaka mzima. Laoza? Na nyinyi watieni siki hao wadudu wenu."

Msinione mjinga. Nilikuwa mtu wa jumuiya ya sayansi, nikafanya jaribio! Nilichukua simu wawili, wale dagaa wa kwetu. Mmoja nikamtia spiriti, wa pili siki kali ya achari. Baada ya wiki nikawatoa. Wote wazima, wagumu, hawanuki. Nikaona nimegundua jambo. Na kwa kuwa mgunduzi hana subira, nikaanza na chupa iliyo na heshima kuliko zote. Nilimwaga spiriti ya Bwana Miwani nikajaza siki.

Siku ya kwanza tondo alitoa viputo vidogo vidogo, nikafurahi kwamba amestarehe. Siku ya nne, Jumatano, niliinua chupa kwenye dirisha. Maji yamekuwa meupe. Ndani, badala ya tondo wa pekee duniani, palikuwa na kijinyama laini kama kamasi. Gamba halikuwapo. Siki ilikuwa imelila lote.

Samaki hana gamba la chokaa, vijana. Nilijaribu kitu kimoja nikahukumia kingine. Makosa mengi ya wajuzi wakubwa yalikuwa hilo hilo, isipokuwa wao waliyaandika kwa lugha nzuri.

Nilifikiria kukimbilia Vanga. Nilifikiria kusema panya. Mwishowe nikakumbuka kwamba mficha uchi hazai, nikamwendea Mzee Esmailji na chupa mkononi. Alivaa miwani, akaitazama kwa muda, akanusa. Mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia.

"Siki ya nani?"

"Ya Bi Time."

Alicheka mpaka akakaa kwenye kiroba. Halafu akafungua daftari la jumuiya akanisukumia kalamu. "Andika. Siku gani umetia, siki ya namna gani, viputo umeviona lini."

"Niandike aibu yangu, mzee?"

"Aibu ni kutoandika. Haya. Kisha Jumamosi utasimama mbele yao useme mwenyewe. Ukisimama mkono mtupu, Bwana Miwani atakufukuza, nami sitaweza kumzuia. Zimebaki siku tatu. Mikoko iko pale."

Alhamisi maji yalipotoka nilikuwa nimeshaingia matopeni, chini ya Shika Adabu. Nilishika tondo, nikamgeuza, kulia, nikamtupa. Kulia. Kulia. Jua lilinipiga, mbu wakanila, na mdomo wa kila tondo ukanicheka kutoka upande ule ule. Karibu yangu walikuwapo akina mama wanaookota kwa kitoweo. Mmoja wao, mwembamba, leso amejifunga kiunoni, alinitazama kwa muda mrefu kisha akashindwa kuvumilia.

"Ewe mwana wa watu, umeangusha pete?"

Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza natafuta tondo aliyejisokota kushoto. Wenzake wakaangua kicheko.

"Wa kushoto?" akasema. "Hao sisi twawatupa. Mkono wa kushoto hauli chakula, na tondo wa kushoto haingii sufuriani mwangu. Wangapi wataka? Kikapu kizima?"

Huyo ndiye Bi Mwanamisi. Alinichukua mpaka kidimbwi kilichojificha nyuma ya mwamba waliouita Jiwe la Paka. Akainama, akatia mkono, akautoa na tondo sita kiganjani. Nikawageuza mmoja mmoja. Kushoto wote. Nikakaa kwenye matope na kanzu yangu.

Akanieleza kwa utulivu, kama mtu anayeeleza namna ya kukuna nazi. Nyanyake alikuwa akimwona wa kushoto mmoja kwa vikapu vingi. Kumwua hawakutaka, kumrudisha pale pale hawakutaka, basi wakawa wanawarusha wazima nyuma ya Jiwe la Paka. Mamake akafanya hivyo, naye akafanya hivyo. "Zamani hapa palikuwa na wachache. Sasa watazame. Wa kushoto yuwazaa wa kushoto. Hilo nimeliangalia mwenyewe, tangu sijaolewa."

Nikamwambia anijazie kikapu, na nitampa chochote atakacho. Akapangusa matope mikononi. Nilidhani anapiga hesabu ya bei.

"Sitaki chako," akasema. "Hao watu wako huandika, sivyo? Basi waniandike. Mimi nyumba sina karatasi yake, ndoa yangu iliandikwa jina la mume na la babangu, na daftari ya hospitali waliandika mke wa fulani. Khatima ya Kurani nimeisoma nikiwa na miaka kumi, khati ya Kiarabu naijua. Lakini jina langu sijapata kuliona limeandikwa na mtu. Liandikeni pasipofika mvua."

Nikamwahidi, wallahi. Mtu aliye matopeni huahidi kwa urahisi.

Jumamosi chumba kilijaa. Mjuzi wa Nairobi alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye kikohozi. Bi Mwanamisi alikaa barazani karibu na mlango, kwa kuwa jumuiya ilikuwa haijawahi kuingiza mwanamke, na mimi nilisimama nyuma na kikapu kilichofunikwa jani la mgomba. Bwana Miwani alisoma karatasi yake kwa saa nzima. Alisema "wa pekee" mara nyingi hata nikaacha kuhesabu. Kisha akanigeukia na kile Kiswahili chake cha jikoni.

"Wewe! Lete ile chupa yangu."

Nikaweka chupa mezani. Nikasema, "Bwana, gamba halimo. Nilitia siki nikidhani ni dawa. Limeyeyuka."

Mgeni akakohoa. Bwana Miwani alinitazama, akatazama chupa, akashusha miwani ya utosini juu ya ile ya machoni, akatazama tena.

"Kufukuza! Wewe kwenda sasa hivi!"

"Nitakwenda, bwana," nikasema, "lakini kwanza niwaonyeshe." Nikamimina kikapu. Tondo wakatambaa mezani, juu ya karatasi yake, juu ya neno "wa pekee", wazima, wakubwa kama vidole, midomo yote kushoto.

Mjuzi wa Nairobi aliruka kitini. Alikuwa akiwashika mmoja mmoja akicheka kama mtoto wa Idi, akauliza nani amewapata. Mzee Esmailji akaonyesha mlangoni. Wakamwita Bi Mwanamisi aingie, akaingia, mwanamke wa kwanza, akakataa kiti. Mgeni akauliza, Mzee Esmailji akatafsiri. Kwa nini mwawatupa? Tangu lini? Wa kulia akitupwa humo, huzaa nini? Alijibu lile alilolijua, na asilolijua akasema, "Hilo sijaliangalia." Mjuzi aliposikia jibu hilo alivua kofia akaiweka magotini. Akasema kwamba kuthibitisha neno lake juu ya uzazi kutahitaji miaka ya kazi, na kwamba wanawake hao wamefanya jaribio ambalo yeye asingeweza kulianza, maana angehitaji vizazi vitatu.

Bwana Miwani akakumbusha kuwa mimi nimefukuzwa. Mzee Esmailji, kwa upole wote wa muuza dawa, akafungua daftari la sheria: mtunza chupa hufukuzwa kwa kura. Kisha akasoma kwa sauti yale niliyoyaandika juu ya siki na viputo, akauliza kama kuna anayebisha kwamba jambo limeonwa na limeandikwa. Kura ikapigwa. Mkono ulioinuka ulikuwa mmoja.

Nilidhani nimevuka. Jumapili Bwana Miwani akanijia na karatasi. Tondo kumi wangetumwa Nairobi kwa gari la moshi wakahifadhiwe, na lebo ilikuwa aione yeye kwanza: "Amevumbua na kukusanya," kisha jina lake zima, na herufi za cheo nyuma kama mkia wa tiara. Nikamkumbusha Bi Mwanamisi. Akasema yule mama hawezi hata kusoma, jina litamfaa nini?

Hapo nilikasirika, na hasira yangu ilikuwa ya adabu. Nikasema, "Sawasawa, bwana." Nikachukua karatasi nzuri, mwandiko wangu mzuri, nikaandika jina lake lote na mkia wake, nikalibandika nje ya chupa kwa gundi. Gundi ya ngano, niliyoipika mwenyewe, tamu. Alipendezwa sana. Kisha akaona karatasi ndogo ndani ya spiriti, imeandikwa kwa khati ya Kiarabu, wino mweusi.

"Hii nini?"

Mzee Esmailji alikuwa pale akihesabu vidonge. Hakuinua kichwa. "Mambo ya mahali walipopatikana," akasema. "Desturi ya hapa." Na hakusema uongo, maana mahali palikuwamo pia.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kwenda stesheni, nilipitisha chupa Shika Adabu. Bi Mwanamisi aliishika kwa mikono miwili akaigeuza kwenye jua. Midomo ikawa inacheza, kama mtoto wa chuo cha Kurani anayetafuta herufi. Akasoma: Tondo wa kushoto, nyuma ya Jiwe la Paka. Amewajua Bi Mwanamisi, kabla yetu sote.

Alirudia jina. Kisha akanitazama vibaya. "Na babangu yu wapi? Mwanamisi tuko wengi."

Nikakaa pale pale kwenye kizingiti, nikatoa wino, nikaandika karatasi ya pili, binti Juma, nikaizamisha kando ya ile ya kwanza kama sheria inavyotaka. Akaishika tena chupa. Akaigeuza tena na tena hata nikaogopa gari la moshi litaniacha.

"Kumbe nipo," akasema.

Mimi nililia, wala sioni haya kuwaambia. Njia nzima mpaka feri nililia, nimekumbatia konokono. Bi Time aliposikia habari yote alisema neno moja tu: kwa nini sikumletea wale wa kulia wa mchuzi.

Uhuru ulipokuja Bwana Miwani alikwenda kwao, jumuiya ikavunjika, na Mzee Esmailji akafa, daftari likabaki kwenye kabati la dawa. Bi Mwanamisi naye hayuko. Mwaka jana mjukuu wangu Rukia, ambaye kazi yake ni kuorodhesha vitu kama hivyo katika makumbusho huko Nairobi, alinipigia simu. Ameiona chupa. Nikamuuliza lebo ya nje. Akasema hakuna lebo ya nje, babu, pana doa la manjano tu, mende wameimaliza. Na kwenye orodha pameandikwaje? Akanisomea: mkusanyaji hajulikani, ndani ya chupa mna mapambo ya Kiarabu.

Mapambo! Miaka yote hiyo wasomi wamepita mbele yake na taa zao, na hakuna aliyeuliza. Rukia mwenyewe hajui khati hiyo, na nyinyi wengi mlio mbele yangu mwaweza kuisoma, maana mmepita chuo cha Kurani kama alivyopita Bi Mwanamisi. Basi msiniamini mimi. Mimi ni mzee, na mara moja nilitia siki mahali pa spiriti. Nendeni Nairobi, muulizeni Rukia, igeuzeni ile chupa kwenye mwanga, mlisome jina lake kwa sauti, kisha muwaambie waandike.